Insha zangu za Kiingereza zinarudi na swali moja: "Hoja yako iko wapi?"

Mkesha_Vitabu
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa kwanza chuo. Kiingereza naongea na naeleweka, shida ni insha za kitaaluma. Hii ni ya tatu mfululizo mhadhiri anairudisha na swali hilo pembeni. Nimesoma vitabu vinne, nikaeleza kila mwandishi kasema nini. Alitaka nini zaidi? Nimeumia, maana nilikesha. Mliopitia haya nisaidieni.

Binti Kalamu
Pole sana ndugu yangu. Jibu umeshalitoa: waandishi wamesema, wewe bado. Utangulizi unahitaji sentensi moja ambayo mtu anaweza kuipinga. "Insha hii itazungumzia elimu ya wasichana" ni tangazo tu. "Kufuta ada peke yake hakutoshi kumbakiza msichana darasani" ni dai, na sasa una kazi ya kulitetea. Kila aya nayo ianze na dai lake dogo, ushahidi ufuate, kisha ueleze kwa maneno yako ushahidi huo unalibeba vipi dai. Hapo ndipo wengi tunapokwama, tunaweka nukuu ya msomi na kuhamia aya nyingine.

Mzee wa Nukta
Naunga mkono. Niongeze la lugha, maana nimesahihisha kazi nyingi za vijana. Kiswahili kinaruhusu "ingawa... lakini", basi tunaandika "although" na "but" katika sentensi moja. Kiingereza kinataka mojawapo. "Discuss" haifuatwi na "about". "Don't" iandike "do not". Na utafiti mmoja ukiunga mkono dai lako, andika "suggests". "Proves" ni neno zito mno.

Mkesha_Vitabu
Asanteni sana. Dada Binti Kalamu, utangulizi nauandika kwanza?

Binti Kalamu
Dai liandike kwanza, hata kwa Kiswahili. Utangulizi kamili uache mwisho, kwani dai hubadilika kadiri unavyoandika. Ukimaliza, soma sentensi ya kwanza ya kila aya, hizo tu, toka juu hadi chini. Zikifuatana kama mtu anayejenga hoja, vizuri. Zikirukaruka, panga aya upya kabla hujagusa sarufi.

Mkesha_Vitabu
Nimejaribu na hii iliyorudishwa. Ina aya sita, na tano zinaanza na jina la mwandishi. Naanza upya usiku huu.