Damu kuganda kwenye vena, ndo mshipa gani huo?

Mama Pacha: Habarini wakuu, naomba kueleweshwa. Bi mkubwa katoka Dar hadi Mwanza na basi, kesho yake mguu wa kushoto umevimba shavu lote, ukigusa wa moto. Wamempiga ultrasaundi wanasema damu imeganda kwenye vena ya ndani, kapewa sindano za tumboni na vidonge vya wafarini, vya kuzuia damu isigande. Mi nyumbani nikasema tu ni "mshipa", basi shangazi kaja na mafuta ya karafuu anataka kumchua, eti mshipa dawa yake kuchuliwa. Vena ndo mshipa huu huu?

Nesi wa Zamu: Mwambie shangazi aweke chupa chini kwanza!! Asichue kabisa. Lile bonge likimeguka linapanda na vena mpaka kwenye moyo, moyo unalisukuma kwenye mapafu linaenda kuziba huko, mtu anahema ghafla, kifua kinauma, anaweza kufa. Ukiona hivyo kimbia hospitali usingoje kukuche. Ateri inatoa damu kwenye moyo, ndo ile inadunda ukishika kifundo cha mkono. Vena inairudisha, na kwenye mguu inapandishwa na misuli unapotembea, sasa we kaa kwenye siti alfajiri hadi usiku uone.

Mzee wa Kahawa: Shangazi msimlaumu jamani, mshipa tumeupa kazi nyingi mno. Kuna wa damu, kuna wa fahamu ambao ndo neva, shingo ikikaza nao mshipa, na huku Pwani ukisikia fulani "ana mshipa" ujue ni ngiri au busha 😂

Kijana wa Sinza: Wafarini si sumu ya panya hiyo??

Nesi wa Zamu: Ni kweli ilianza kuuzwa kama sumu ya panya 1948, binadamu wakaruhusiwa kutibiwa nayo 1954. Shida ni kiasi cha dawa, ndo maana lazima arudi kupimwa damu kila anapoambiwa. Mchicha na matembele ale kama alivyozoea, asizidishe ghafla asiache ghafla, vinavuruga dawa. Na asinunue diklofenaki, ile dawa ya maumivu, dukani, atavuja damu.

Mama Pacha: Asanteni sana. Shangazi kanuna kidogo, saivi kakaa barazani anajichua magoti yake mwenyewe.