Kibali cha kazi na zawadi ya mbio za baiskeli: nani amepitia hili Kigoma?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma
Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkenya, nafundisha shule hapa. Naomba msaada wa haraka. Jumapili tulikuwa na mbio za baiskeli za vijana wa mitaani, kutoka Mwanga hadi Mwandiga na kurudi. Nikashika nafasi ya tatu. Wa pili alikuwa kijana wa Ujiji mwenye Phoenix aliyoing'oa keria, na tairi la nyuma amelizungushia kipande cha tyubu palipochanika. Nilimfukuza mlima mzima nisimpate.

Wakati wa kusaini zawadi, mtu wa ofisi moja akaniomba kibali. Akasoma Class B yangu, akaona jina la shule, akauliza: "Hii pesa unaipokea kama mwalimu au kama nani?" Zawadi ikazuiwa, nikaambiwa nifike ofisini na barua ya mwajiri. Nimefika, wa dirishani hana habari, ananiambia niandike maelezo. Maelezo ya nini? Na Jumamosi usiku napiga gitaa la rithimu na bendi ya hapa, mwenye ukumbi anatupa nauli. Swali langu: zawadi ya mashindano inahesabika kuwa kazi? Aliyewahi kuandikiwa barua ya aina hiyo, iliandikwaje?

Nesi wa Isevya, Tabora
Pole sana kaka. Mimi yalinikuta na kwaya. Tuliimba kwenye harusi, kamati ikatupa bahasha, kesho yake mwajiri akaniita anatetemeka, anahofia vibali vya wageni wake wote. Nikaendelea kuimba, bahasha nikaacha kupokea. Uhamiaji walikupa kibali cha kazi ufundishe, basi. Kingine chochote chenye pesa kikae mbali nawe.

Baba Pacha, Kasulu
Dada, tusichanganye mambo, watu wanasoma hapa na kuyafuata. Kibali cha kazi anatoa Kamishna wa Kazi, kwa ile sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia. Class B ni kibali cha ukaazi, hicho ndicho cha Uhamiaji. Ni karatasi mbili. Class A ni ya mwenye mtaji au shughuli yake mwenyewe. Mwalimu aseme kwanza ni karatasi ipi waliyoishikia hoja, ndipo tumshauri.

Na mkumbuke amri ya Julai 2025 iliyowazuia wageni kufanya biashara 15. Tangu hapo kila mtu ana macho.

Nesi wa Isevya, Tabora
Baba Pacha, karatasi zote mbili ninazo kabatini, nazijua. Na amri hiyo inahusu biashara: saluni, uwakala wa pesa, kutengeneza simu. Kuendesha baiskeli haimo. Usimwongezee mwenzetu hofu.

Mkongo wa Katonga
Bonjour ndugu zangu. Mwalimu, baiskeli siijui, gitaa ndiyo. Msanii wa kigeni anayetumbuiza kwa malipo anahitaji kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kabla ya hapo uongee na afisa utamaduni wa manispaa. Usiseme ni nauli tu. Bango likishabandikwa na kiingilio kikatozwa, hayo ni maonyesho.

Inaniuma kabisa, maana muziki wa dansi wa nchi hii tumeujenga pamoja. Bendi ya Maquis walitoka Lubumbashi wakaja kukaa Dar. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akaja 1978 kwa Orchestra Makassy, mwishowe Watanzania wakamwita Dokta. Na huku kwetu magharibi, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walipiga magitaa ambayo mzee wangu aliyasikiliza redioni ng'ambo ya ziwa. Sisi Kongo tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nikadhani mambo yatalegea. Bado napanga foleni.

Baba Pacha, Kasulu
Jumuiya ipi? Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika Julai 2010, lakini kila nchi iliweka jedwali la kazi inazowafungulia wenzake. Mkenya anakwenda Kigali kwa kitambulisho tangu 2014, kuja Kigoma lazima hati ya kusafiria. Hilo ni la wanasiasa, na wanasiasa wetu wa pande zote wamelilalia.

Mpanda Milima, Ng'ambo, Tabora
Kigali umeitaja wewe, basi niseme. Septemba 2025 tulikwenda kwa basi kupitia Nyakanazi na Rusumo kuangalia mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia, za kwanza kabisa kufanyika Afrika. Wanaume kilomita 267, waliomaliza 30 tu, Pogačar akashinda. Nilisimama kwenye kona ya mawe ya Kimihurura, watoto wa shule wanapiga madebe mpaka huisikii filimbi ya polisi. Nikawaza vijana wa Kanda ya Ziwa na huku Unyamwezini, wanaobeba magunia ya mkaa kwa baiskeli toka utotoni. Miguu ipo. Wanakosa baiskeli na mbio za kila mwezi.

Mwalimu, ukitaka mbio rasmi, kanuni ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ni kwamba leseni hutolewa na chama cha nchi unakoishi hasa wakati wa kuomba, hata kama pasipoti ni ya kwingine. Kama ya mwaka huu uliichukulia Kenya, unabaki nayo hadi 31 Desemba. Kwa hiyo kimichezo wewe unaweza kuwa wa hapa.

Baba Pacha, Kasulu
Leseni ya baiskeli haimzuii ofisa kuuliza kibali. Tusimpotoshe.

Mpanda Milima, Ng'ambo, Tabora
Sijasema inamzuia. Soma tena.

Mama Chebet, Ujiji
Mimi nawasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza. Mgebuka nimeuzoea, wa kukaanga na wa kubanika, na jirani zangu ni watu wema kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini mvua ikianza namkumbuka mama na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, kilichosuguliwa mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa ya hapa hayagandi vile. Mtu mwenye kibuyu aniambie, nitalipia na usafirishaji.

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma
Asanteni wote. Mkongo, kesho naenda kwa afisa utamaduni kuhusu bendi, na Jumamosi hii sitapiga. Ya zawadi bado iko palepale: mkuu wa shule hajui aandike nini, na ofisi imesema nirudi Alhamisi. Aliye na nakala ya barua, hata kama ameficha majina, anitumie.

Mama Chebet, dada yangu anakuja kutoka Eldoret mwezi ujao, kibuyu nitamwagiza.

Mpanda Milima, Ng'ambo, Tabora
Akija dada, anaweza kubeba na cheni ya spidi tisa? Ya kwangu imekatika na hapa mjini zipo za Phoenix tu.