Kibarua wa saiti akatwe NSSF tangu siku ya kwanza?

Muanzisha mada: Mkandarasi mdogo wa Tanzania ana vibarua 12, kila mmoja 15,000 kwa siku, malipo kila Jumamosi. NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, inataka asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Wapo wanaotaka kibarua aingizwe baada ya miezi mitatu tu. Mnasemaje?

Mhasibu wa ujenzi: Naunga mkono miezi mitatu. Akifanya siku 20 ana 300,000, mchango wote 60,000, nusu kwa nusu. Shida ni kwamba malipo ni ya wiki na mchango ni wa mwezi. Usipozuia 1,500 kila siku unapolipa Jumamosi, mwisho wa mwezi mtu keshahamia saiti nyingine, na 60,000 yote inatoka mfukoni mwa mkandarasi.

Mtu wa chama cha wafanyakazi: Mkuu, huko kuhama ndiko kunakomuumiza kibarua. Pensheni inadai miezi 180 ya michango. Anayepata kazi miezi 8 kwa mwaka atahitaji miaka 22 na nusu. Sasa chukua saiti mbili kwa mwaka, miezi minne minne, halafu ufute mitatu ya mwanzo kila saiti. Inabaki miezi miwili kwa mwaka. 180 gawanya kwa 2 ni miaka 90! Semeni tu hamtaki apate.

Msimamo tofauti: Hata hiyo 22 na nusu wangapi wataifikisha? Fao la kukosa ajira nalo linataka miezi 18 ya michango. Kwa mtu wa kutwa, 1,500 ni sahani ya wali leo. Mwacheni achangie mwenyewe kwa hiari, kama bodaboda na mamalishe.

Mtu wa chama: Akichangia kwa hiari, ile 10 ya mwajiri anaitoa nani?

Afisa rasilimali watu: Mnabishana asilimia, na michango inapotelea kwenye kumbukumbu. Kila mkandarasi anamsajili mtu upya, jina halilingani na la kitambulisho cha taifa (NIDA), anajikuta na namba mbili za uanachama na miezi yake imegawanyika. Kabla ya kumsajili, muulize kama ana namba ya zamani. Baya zaidi ni nyapara anayelipwa kwa kazi nzima, mathalani zege la jamvi, kisha anagawa fedha mwenyewe. Vibarua wale hawamo kwenye orodha yoyote ya mishahara. Daftari la mahudhurio liwe na jina kamili, namba ya NIDA na siku alizofanya. Kibarua naye aangalie taarifa yake ya michango kabla hajaondoka saiti, maana mkandarasi akishahama kumpata ni kazi.

Mhasibu wa ujenzi: Daftari nakubali. Ila bei za zabuni hazina hiyo asilimia 10.

Afisa rasilimali watu: Kwenye zabuni andika kibarua 16,500, usiandike 15,000.