Mjadala: Afrika ijenge sinkrotroni yake, au tuendelee kupanga foleni Ulaya?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana vijembe. Afrika ndiyo bara pekee lenye wakazi wa kudumu ambalo halina sinkrotroni hata moja. Mashine hii hukimbiza elektroni ndani ya pete kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Sumaku zinapozikunja njia, elektroni hutoa eksirei kali mno, na kwa eksirei hizo mtafiti huona jinsi atomi zilivyojipanga ndani ya protini, madini au mfupa wa kale. Tangu mkutano wa Grenoble, Ufaransa, Novemba 2015, wanasayansi wanapigania mradi wa Chanzo cha Mwanga cha Afrika, yaani sinkrotroni ya bara letu. Mashine bado hatuna.

Mimi nasema ijengwe, na sisemi hivyo kwa ajili ya sifa. Nataka tupate mafundi wa fizikia hii. Mmoja wa waliosukuma wazo hili ni Sekazi Mtingwa, mwanafizikia Mmarekani mweusi. Mwaka 1983, yeye na James Bjorken walichapisha nadharia inayoeleza jinsi chembe zilizosongamana kwenye fungu moja zinavyogongana zenyewe kwa zenyewe, hadi fungu zima linavimba. Mashine za kizazi kipya, kama MAX IV ya Lund, Sweden, iliyozinduliwa 2016, hubana mwali, yaani mkondo wa elektroni, uwe mwembamba sana, kwa hiyo uvimbe huo ni lazima upigiwe hesabu mapema. Mwaka 2017 wawili hao pamoja na Anton Piwinski walipewa Tuzo ya Robert R. Wilson ya Chama cha Fizikia cha Marekani. Ujuzi wa namna hiyo unakomaa pale mtu anaposhinda na mashine: anarekebisha sumaku, anaona mwali umenenepa, anatafuta kwa nini. Mwanafunzi wetu anayepewa siku chache za kutumia sinkrotroni ya Ulaya anarudi na data yake, lakini mashine yenyewe hajaigusa.

Mchangiaji, Dodoma:
Hoja nzuri, ila tuseme ukweli. Umeme ukikatika, mwali unapotea na kazi inasimama. Zahanati zetu nyingine zinazalisha akina mama kwa taa ya simu. Fedha zianzie huko.

Mchangiaji, Nairobi:
Mbona Afrika Kusini ilijiunga na sinkrotroni ya Grenoble mwaka 2013 kama mwanachama mshiriki? Nchi nyingine zifuate njia hiyo. Ni nafuu, na hakuna wa kukesha akitengeneza mashine.

Mleta mada:
Ndugu yangu wa Dodoma, suala la umeme ni zito na silikwepi. Ila tazama SESAME, sinkrotroni ya nchi kadhaa kule Allan, Jordan, iliyozinduliwa Mei 2017. Misri, Iran, Israeli, Pakistani na Mamlaka ya Palestina wamekaa meza moja ya uanachama, wengine wao hata salamu hawapeani. Walianza na vifaa vya BESSY I, sinkrotroni ya Berlin iliyokuwa imezimwa. Vikatumika kulisha elektroni kwenye pete kuu mpya yenye mzunguko wa mita 133. Bili ya umeme ilikuwa inawaelemea. Mwaka 2019 wakazindua mtambo wao wa umeme wa jua, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Jua hilo sisi tunalo. Kuhusu zahanati, sitaki hata shilingi moja itoke kwenye bajeti ya afya. Gharama igawanywe kwa nchi nyingi na kwa miaka mingi, kama walivyofanya wao.

Wa Nairobi, uanachama naukubali, tena uanze sasa, maana bila watumiaji waliozoea kazi hata mashine yetu itakaa bure. Lakini usiishie hapo. Fuvu la Little Foot, mmoja wa mababu wa kale kabisa waliofukuliwa Afrika Kusini, lilisafirishwa hadi sinkrotroni ya Diamond, Uingereza, mwaka 2019 ili lipigwe picha za eksirei. Kitu kimoja cha aina yake duniani, kinapandishwa ndege kwa sababu bara zima halina chombo cha kukitazama! Na sisi wenye Olduvai tutafanya vivyo hivyo hadi lini? Anayepinga ujenzi anijibu hilo kwanza, kisha aniambie wanafizikia wa vichapuzi, yaani mashine hizi za kukimbiza chembe, tutawalea wapi.