Mjadala: Nasaba ya Makedonia ilikatika kwa kosa la Zoe na Theodora, au la baba yao na baba yao mkubwa?

Ndugu zangu wapenda historia, kuna jambo linanikera kila ninaposoma habari za Bizanti, dola ambayo wasomaji wa Qur'ani wanaijua kupitia Surat ar-Rum: Warumi wale wa Constantinople, Istanbul ya leo. Nasaba ya Makedonia ilishika taji tangu mwaka 867 hadi 1056, ikaishia mikononi mwa dada wawili, Zoe na Theodora. Tangu hapo wao ndio wanaonyooshewa kidole: mmoja mpenda wanaume, mwingine bahili, na kwamba walifuja alichoacha baba yao mkubwa, Mfalme Basil II. Nasema wanaonewa.

Hesabuni umri kwanza. Basil hakuoa wala hakuacha mtoto. Mdogo wake na mrithi wake wa kiti, Constantine VIII, baba wa Zoe na Theodora, alijaaliwa mabinti watatu bila wa kiume. Mkubwa wao, Eudokia, aliingia utawani. Basil akafariki mwaka 1025, Zoe na Theodora wakiwa bado hawajaolewa. Baba yao alikuja kumwoza Zoe Novemba 1028, mwenyewe yuko kitandani anakata roho. Bibi harusi alikuwa na miaka kama 50! Bwana harusi, Romanos Argyros, ambaye kwa ndoa hiyo angekuwa mfalme, alikuwa na mke wake, ikabidi mama wa watu apelekwe utawani ili ndoa ipite. Psellos, mwandishi aliyeishi zama hizo, anaeleza jinsi Zoe na mumewe walivyohangaika kutafuta mtoto: dawa za kupaka, vijiwe na hirizi za kujifunga mwilini. Nikisoma hapo namwonea huruma. Anatafuta kwa hirizi kitu ambacho wazee wake walimnyima tangu ujana.

Wanaomtetea Basil wana hoja, na si nyepesi. Alipokuwa mtoto, jemadari Nikephoros Phokas alimwoa mama yake mwaka 963 na kukalia kiti. Miaka 6 baadaye akauawa, akaingia jemadari mwingine, John Tzimiskes, naye akaoa ndani ya ukoo uleule. Alipokuja kushika hatamu mwenyewe, Basil alipambana na majemadari wengine wawili waasi. Mtu aliyepitia hayo lazima aogope mkwe. Lakini hofu ya mkwe haijibu swali la mrithi, na Basil hakujibu.

Simsafishi Zoe. Romanos alikufa bafuni Aprili 1034, na siku hiyohiyo mjane akaolewa na Michael IV, aliyekuwa mfalme mpya. Tuhuma zilizagaa na mpaka leo hazijamtoka. Hazina nayo aliimwaga ovyo, hilo halina ubishi.

Ila tazameni walioishi nao walivyowaona. Michael IV alipofariki Desemba 1041, kiti kilikwenda kwa mpwa wake, Michael V, ambaye Zoe alikuwa amemfanya mwanawe wa kupanga. Watu walimwita Kalaphates, kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kuziba nyufa za merikebu. (Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanalijua neno hili: kukalafati.) Aprili 1042 kijana huyu akamnyoa nywele mama yake wa kupanga ili awe mtawa, na kumhamishia kisiwani. Tangazo liliposomwa hadharani mji ukalipuka. Watu walipiga kelele kwamba hawamtaki mkalafati, wanamtaka mrithi wa halali, mama yao Zoe. Psellos aliyaona kwa macho yake, na anasema hata wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwaona nje ya nyumba zao walimiminika barabarani. Theodora akatolewa kwenye nyumba ya watawa na kuletwa Hagia Sophia, kanisa kuu la mji. Ndani ya siku chache Michael alikuwa ameshapofushwa. Hakuna jeshi lililoagizwa kutoka mikoani kuja kuwapigania dada hawa. Ni wenye mji.

Walitawala pamoja kama wiki 7, wakisikiliza kesi na kupokea mabalozi, mpaka Zoe alipoolewa mara ya tatu, na Constantine Monomachos. Ghorofani Hagia Sophia ipo mozaiki (picha ya vijiwe vya rangi) ya Zoe na mumewe huyo: Kristo katikati, mume na mfuko wa fedha, Zoe na hati mkononi. Ukiangalia jina lililo juu ya mume, utaona limebadilishwa. Mwenyewe naamini hapo mwanzo palikuwa pa Romanos, mume wake wa kwanza. Mume anafutwa na kuandikwa mwingine, Zoe yupo palepale.

Kisha Theodora, mwaka 1055, akashika dola peke yake, hakuolewa. Patriaki Michael Keroularios, mkuu wa kanisa la Constantinople, alichukia kuona mwanamke anatawala, na Psellos hakuwa na heshima kubwa kwa utawala wa wanawake. Hata hivyo huyohuyo Psellos anakiri kwamba mambo yalikwenda vizuri, hapakuwa na njama wala maasi. Theodora alikufa Agosti 1056, mzee wa zaidi ya miaka 70, bila mtoto. Mlitaka azae lini?

Kwa hiyo mwenye hoja ya kumtetea Basil aje nayo, lakini aanze hapa. Mwaka 1002 binti wa kifalme, ambaye inaaminika ni Zoe, alifika Bari, Italia, kuolewa na Otto III, mfalme wa Ujerumani na Italia, akakuta mchumba ameshafariki. Akarudishwa nyumbani akiwa na miaka 20 na kitu. Basil aliishi miaka 23 baada ya siku hiyo. Katika miaka yote hiyo, alimtafutia mchumba gani mwingine?