Mikataba ya wazabuni inatushinda kuifuatilia, naombeni ushauri

Wakuu, habari za kazi.

Nimekabidhiwa kitengo cha manunuzi na nimekuta mikataba imetapakaa: mingine iko kwenye barua pepe za watu walioshaondoka, mingine kwenye mafaili ya uhasibu, mingine ina saini ya upande mmoja tu. Juzi mkataba wa matengenezo ya mashine umejihuisha wenyewe kwa mwaka mzima, na huduma hiyo hatuihitaji tena. Mzabuni anasema kipengele cha kujihuisha kipo, na kweli kipo. Nianzie wapi? Ninunue programu ya kusimamia mikataba?

Mzee wa Vipengele
Programu iache kwanza, mkuu. Jedwali la Excel linatosha kuanzia. Wengi hujaza tarehe ya mkataba kuisha wakasahau ile inayouma zaidi: siku ya mwisho ya kutoa notisi kwamba hamtauhuisha. Mkataba unaoisha 31 Desemba wenye notisi ya siku 90 unataka barua iwe imemfikia mzabuni kufikia 2 Oktoba. Ukikumbuka Novemba, umeshafungwa mwaka mwingine. Angalia pia notisi inatakiwa ifikeje. Mikataba mingi hutaja barua na anwani maalumu, kwa hiyo usitegemee ujumbe wa WhatsApp kwa ofisa mauzo.

Binti Stoo
Naongezea. Kila mkataba uwe na mwenyewe, mtu mmoja kwa jina, na awe yule anayeitumia huduma. Mwanasheria anajua kilichoandikwa, lakini kama fundi alifika Jumanne au hakufika, anayejua ni msimamizi wa karakana.

Mleta uzi
Asanteni sana. Na huu uliojihuisha? Bosi anataka tusimamishe malipo.

Mzee wa Vipengele
Hapana, tafadhali! Ukikata malipo bila msingi, wewe ndiye utakayeonekana umevunja mkataba. Tafuta kwanza kipengele cha kusitisha bila sababu. Mingine inacho, ila kina notisi yake. Kama hakipo, chambua utendaji wa mzabuni: fomu za kazi, tarehe alizochelewa, malalamiko yaliyoandikwa. Hayo ndiyo ya kwenda nayo mezani kuomba mpunguze wigo au muda. Mkikubaliana, iwe nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote mbili. Na notisi ya kutohuisha tena ipeleke sasa hivi, kama mkataba hauzuii kuitoa mapema.

Binti Stoo
Ukiipeleka, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.