Muscat na mke wangu: nibebe kamera au simu inatosha?

Msafiri_Tanga:
Wakuu, salaam. Mwezi wa sita mimi na mke wangu tunakwenda Muscat, Oman, siku nane, kwa shangazi yake. Ndiyo safari yetu ya kwanza ya nje. Nina kamera yenye lenzi ya kawaida ya milimita 18-55, na simu yangu inapiga vizuri tu. Mke wangu anasema kamera ni mzigo. Mnanishauri nini?

BintiNgambo:
Kaka, msikilize wifi. Soko la Matrah lina vichochoro vyembamba, ukinyanyua kamera watu wanageuza uso. Simu haimshtui mtu. Ila kinamama usiwapige bila idhini. Mwache mkeo ndiye aombe, tena aanze na Kiswahili, utashangaa wangapi watamjibu.

Lenzi_Kongwe:
Hapo sikubaliani nawe, dada. Magharibi ikiingia, simu inayalainisha mawe ya ngome mpaka yanafanana na udongo uliopigwa plasta. Kamera inakuachia kila jiwe. Na joto la mwezi wa sita linapita digrii 40, simu ikikaa juani inazima yenyewe. Tahadhari moja tu: ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi inashika ukungu. Usiifute. Iache mkobani robo saa izoee joto kwanza.

Mkaazi_Seeb:
Mkitaka picha ya pamoja ndani ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, nendeni asubuhi saa za wageni, saa mbili hadi saa tano, si Ijumaa. Wakati wa swala wanawake wana ukumbi wao, mtatengana. Zulia la ukumbi mkuu wa swala ni kama mita 70 kwa 60, kwa hiyo simu yenye lenzi pana inalimeza kuliko hiyo 18-55 yako.

BabaZai:
Mimi nilibeba kamera, nikaenda Nizwa, mji wa bara huko Oman, na marehemu mama yangu. Nina picha zaidi ya mia nane: mnada wa mbuzi wa Ijumaa, mnara wa ngome, milango ya mbao. Mama yumo katika nne, na zote amekaa kivulini, mkoba wangu mapajani, ananisubiri. Ninayoitazama kila siku aliipiga dada yangu kwa simu. Mama anakula halua ya moto, vidole vinang'aa samli, mdomo wazi, anatuambia ya Wete, Pemba, ni tamu zaidi. Ndugu yangu, mpige mkeo akiwa anazungumza. Usimsimamishe tu mbele ya jengo.

Msafiri_Tanga:
BabaZai, Mungu amrehemu mama. Nimemsomea mke wangu, tumenyamaza wote wawili. Basi kamera itatoka jioni tu, kwa ngome na bandari. Mchana simu anashika yeye, nami niwemo. Chaja je, ninunue adapta?

Mkaazi_Seeb:
Hapana, plagi ni pini tatu kama za kwenu.